Kusini ilipoacha kuwafukuza vijana wake: kisa cha ubabe wa SEC

Kuanzia msimu wa 2006 hadi wa 2022, vyuo vikuu vya Marekani viligombea mataji 17 ya taifa ya futiboli. Mataji 13 kati ya hayo yalibebwa na vyuo vya ligi moja, Southeastern Conference, ambayo huko kila mtu anaiita SEC. Saba ya mwanzo yalifuatana bila hata moja kuponyoka. Mchezo huu una vyuo zaidi ya 100 katika daraja la juu, vimetapakaa kutoka Miami hadi Seattle, na bahati haiwezi kudumu muda wote huo upande mmoja.

Kwa asiyefuatilia: nazungumzia ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, wachezaji wakiwa na helmeti na kinga za mabega. Ligi kuu ya kulipwa ni NFL, lakini kabla ya kufika huko kijana hupitia chuo kikuu, na chuo chenyewe kinaweza kujaza uwanja wa watu laki moja siku ya Jumamosi. Vyuo vimejipanga katika ligi za kikanda. Big Ten ndiyo ligi ya asili ya majimbo ya viwanda ya kaskazini, Ohio, Michigan na majirani zao. SEC ilizaliwa Desemba 1932 mjini Knoxville, Tennessee, vyuo 13 vilipojitoa katika Southern Conference, na kitovu chake ni ile Kusini ya pamba na utumwa: Alabama, Georgia, Mississippi, Louisiana, Tennessee, Florida. Alabama, Mississippi na South Carolina hazina timu ya NFL hata moja, kwa hiyo huko chuo ndicho timu ya wote, hata ya fundi gereji ambaye hajawahi kukanyaga darasa la chuo. Alabama na Auburn wameligawa jimbo lao kama Simba na Yanga walivyoigawa Dar es Salaam, mpaka ndani ya familia moja.

Maelezo mengi ya ubabe huu huanza na fedha za televisheni au na kocha Nick Saban. Naona yanaanzia mwishoni. Kwa karibu miaka 40 SEC iliwafungia nje vijana weusi wa majimbo yake yenyewe. Ilikuwa imekalia hazina ya vipaji ambayo hakuna ligi nyingine iliyokuwa nayo, huku ikiifukuza. Ilipoacha kuifukuza, na baadaye kanuni na biashara ya mchezo zikaipa kila sababu ya kuibakiza nyumbani, wapinzani wake waliokuwa wakila jasho la Kusini walijikuta hawana pa kulipata.

Majibu yasiyotosha

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndilo jibu la kwanza la kila mtu. SEC ni tajiri, kweli. Lakini Big Ten ilianzisha chaneli yake ya televisheni Agosti 2007, miaka saba kabla ya SEC kuwa na ya kwake. Michigan, Ohio State na Penn State zina viwanja vinavyoingiza watu zaidi ya laki moja. Fedha zao hazikuwa pungufu kiasi cha kueleza pengo lililokuwepo, na bado katika misimu ile 17 Big Ten ilipata taji moja tu, la Ohio State mwaka 2014.

Mataji matatu yaliyobaki ndiyo yanayofungua macho. Florida State ilichukua la 2013, Clemson ya South Carolina ikachukua la 2016 na la 2018. Vyuo hivyo viwili haviko SEC, ila vimepakana nayo na vinasajili katika sekondari zile zile. Ukihesabu kwa ardhi badala ya nembo, vyuo vya Kusini vilichukua mataji 16 kati ya 17. Kwa hiyo chochote tunachokitafuta kimo katika ukanda wenyewe, kabla hatujaitaja ofisi ya ligi iliyoko Birmingham.

Hali ya hewa? Jua linasaidia. Sekondari za Florida, Georgia na Alabama hufanya mazoezi rasmi hata majira ya kuchipua, kwa hiyo kijana wa huko anafika chuoni akiwa na miezi mingi zaidi ya kufundishwa. Lakini jua hilo lilikuwepo mwaka 1950 na 1965 pia, na halituambii kwa nini mambo yalibadilika yalipobadilika.

Saban, basi? Mafanikio yake hayana mfano: taji moja akiwa LSU ya Louisiana, sita akiwa Alabama, kabla ya kustaafu Januari 2024. Lakini mabingwa watano wa mwanzo wa ule mfululizo walikuwa Florida, LSU, Florida, Alabama na Auburn. Vyuo vinne, makocha wanne tofauti. Ligi ilianza kutawala yeye akiwa ndiyo kwanza anafungua mizigo Tuscaloosa, mji wa chuo cha Alabama.

Na wapo wanaosema ni hongo, bahasha zilizopitishwa chini ya meza kwa familia za wachezaji. Zilikuwepo, na Alabama na Auburn zote zimewahi kuadhibiwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Tatizo la hoja hii ni Texas. SMU ya Dallas ilihonga kiasi cha kufutiwa msimu mzima wa 1987, na ligi yake, Southwest Conference, haikuwa mbabe wa yeyote. Ilivunjika mwaka 1996.

Mlango uliofungwa kwa ndani

SEC haikuwa dhaifu zama za ubaguzi. Alabama ya kocha Paul "Bear" Bryant ilitangazwa bingwa wa taifa mwaka 1961, 1964 na 1965 ikiwa na kikosi cha weupe watupu. Lakini mabingwa wa siku hizo walipatikana kwa kura, na SEC ilicheza zaidi na jirani zake, wote wakiwa wamefunga mlango ule ule.

Msimu wa 1966 unaonyesha kilichokuwa kikipotea. Alabama ilishinda mechi zake zote. Notre Dame na Michigan State zilikutana Novemba zikatoka sare ya 10–10, na kura za mwisho za waandishi zikaziweka nafasi ya kwanza na ya pili, Alabama ikawa ya tatu. Mpaka leo wazee wa Alabama hulalamika. Sasa itazame ile Michigan State iliyowapita. Bubba Smith, jitu la safu ya ulinzi, alitoka Beaumont, Texas. George Webster alitoka Anderson, South Carolina. Mrusha mpira wao, Jimmy Raye, alitoka Fayetteville, North Carolina. Kocha Duffy Daugherty alikuwa akishuka Kusini kuwachukua vijana weusi ambao vyuo vikubwa vya kwao havikuwataka, akawapeleka kwenye theluji ya Michigan, nao wakampa kikosi kilichowekwa juu ya Alabama ambayo haikuwa imepoteza mechi.

Wengine walibaki Kusini, katika vyuo vya watu weusi. Eddie Robinson wa Grambling, Louisiana, alishinda mechi 408 katika maisha yake ya ukocha, kwa sehemu kubwa akiwa na vijana ambao LSU, chuo cha jimbo hilo hilo, haikuwagusa. Walter Payton wa Columbia, Mississippi, alicheza Jackson State. Hata mlango ulipofunguliwa, macho ya wasajili yalichelewa kuzoea: Jerry Rice, ambaye wengi humhesabu mpokeaji bora kuliko wote waliowahi kucheza NFL, alikulia Crawford, karibu na Mississippi State, chuo cha SEC, na mwaka 1981 akaishia Mississippi Valley State.

Hao wa SEC walifungua mlango kwa shida sana. Mwaka 1962 James Meredith alipojiandikisha Chuo Kikuu cha Mississippi kulizuka ghasia za usiku mzima na watu wawili wakafa. Juni 1963 gavana George Wallace alisimama mwenyewe mlangoni mwa Chuo Kikuu cha Alabama kuwazuia wanafunzi wawili weusi. Mazingira ndiyo hayo ambamo Kentucky iliwasajili vijana wawili weusi, Nate Northington na Greg Page. Agosti 1967 Page aliumia shingo mazoezini, akapooza. Alifariki Septemba 29. Kesho yake, Septemba 30, Northington, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, aliingia uwanjani Lexington dhidi ya Mississippi, akawa mchezaji mweusi wa kwanza katika mechi ya SEC. Alicheza dakika chache akaumia bega. Baada ya wiki chache aliondoka chuoni hapo, lakini kabla ya kuondoka aliwasihi wenzake wawili weusi wa mwaka wa kwanza, Wilbur Hackett na Houston Hogg, wasimfuate. Walibaki. Lexington leo ina familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili nyumbani, na watoto wao wanasoma katika mji ambao kisa hiki kilitokea. Wanastahili kuyajua majina hayo manne.

Tennessee ilifuata mwaka 1968 na Lester McClain. Kisha inakuja hadithi inayopendwa kuliko zote, ya Septemba 12, 1970, pale Chuo Kikuu cha Southern California kilipokuja Birmingham kikaichapa Alabama 42–21. Mkimbiaji mweusi Sam Cunningham alibeba mpira mara 12, akapata yadi 135 na kuuvusha mstari wa mwisho mara mbili. Husemwa kwamba Cunningham alifanya zaidi kuwaunganisha weusi na weupe wa Kusini kwa jioni moja kuliko miaka ya maandamano. Siikubali. Wilbur Jackson, kijana mweusi wa Alabama, alikuwa ameshasajiliwa na Bryant na usiku ule alikuwa jukwaani akitazama, kwa sababu kanuni za wakati huo hazikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza. Mwaka mmoja kabla, wanafunzi weusi wa chuo hicho walikuwa wamefungua kesi kudai timu isajili weusi. Mlango ulisukumwa na watu wa palepale, kwa sheria na kwa ujasiri, na mechi ile iliwapa tu mashabiki weupe sababu ya kunyamaza. Cha kuangalia zaidi usiku ule ni kwamba Clarence Davis, mkimbiaji mwingine mweusi wa Southern California, alizaliwa Birmingham. Alirudi alikozaliwa akiwa na jezi ya wageni.

Georgia, LSU na Mississippi ndizo zilizochelewa kuliko wote, 1972. Mwaka huo huo Condredge Holloway akawa mrusha mpira mweusi wa kwanza kuanza mechi katika SEC, akiwa Tennessee. Kwao ni Huntsville, Alabama, na amesimulia mwenyewe kwamba Bryant alimwambia wazi kuwa Alabama haikuwa tayari kwa mweusi katika nafasi ile. Akavuka mpaka. Kiti cha kocha mkuu kilisubiri zaidi: Sylvester Croom, aliyecheza chini ya Bryant, aliajiriwa na Mississippi State Desemba 2003, miaka 71 baada ya ligi kuanzishwa. Mapema mwaka ule Alabama, chuo chake mwenyewe, ilikuwa imempita ikamchukua mweupe mwenye uzoefu mdogo.

Kwa nini haikuwa 1975?

Hapa ndipo msomaji mkali ataniuliza: kama weusi waliingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, mbona utawala ulisubiri hadi 2006?

Matunda ya kwanza hayakusubiri. Mwaka 1980 Georgia ilitwaa ubingwa ikimtegemea Herschel Walker, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka mji mdogo wa Wrightsville. Alabama ya Bryant ilishinda sana miaka ya 1970. Kilichokuwa bado ni wingi, na wingi uliletwa na watu kuhama.

Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Wamarekani weusi wapatao milioni sita walihama Kusini kwenda viwanda vya kaskazini na magharibi. Detroit, Cleveland na Pittsburgh zilikusanya watu, sekondari zao zikakusanya wachezaji, na Big Ten ikavuna. Baada ya 1970 viwanda vya chuma na magari vilianza kupunguza watu, na safari ikageuka. Mwaka 1970 Florida ilikuwa na watu milioni 6.8; mwaka 2010 ilikuwa na milioni 18.8. Georgia ilitoka milioni 4.6 hadi milioni 9.7. Katika miaka hiyo hiyo 40, Ohio iliongezeka kutoka milioni 10.7 hadi milioni 11.5 tu, na Michigan kutoka milioni 8.9 hadi milioni 9.9. Kijana aliyezaliwa kitongojini mwa Atlanta mwaka 1986 alifikisha umri wa chuo miaka ya 2004 na 2005, yaani mlangoni kabisa mwa ule mfululizo wa mataji. Mabadiliko ya aina hii hayaonekani katika msimu mmoja, na ndiyo maana wachambuzi wengi waliyapita.

Pia NCAA ilianza kuweka ukomo wa nafasi za ufadhili wa masomo. Zamani Bryant angeweza kurundika wachezaji kadiri alivyotaka, wengine kwa ajili tu wasiende kwa jirani. Ukomo ukawekwa 105 mwaka 1973, kisha 95, na kufikia 1994 ukawa 85. Aliyekosa nafasi Alabama akaenda Auburn au Mississippi State. Vipaji vya Kusini vikasambaa ndani ya Kusini yenyewe, ligi ikawa na timu sita au saba za hatari badala ya moja au mbili.

Soko na fainali ya ligi

Hadi 1984 NCAA peke yake iliuza haki za matangazo ya televisheni, na iliamua chuo gani kionekane mara ngapi. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia viliishitaki, na Juni 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa majaji 7 dhidi ya 2 kwamba huo ni ukiritimba. Kuanzia hapo vyuo viliweza kujiuza. Mwishoni mwa 1993 kituo cha CBS kilinyang'anywa mechi zake za NFL na Fox, kikabaki na pengo, na SEC ikakubali kuliziba: kuanzia 1996 mechi moja kubwa ya ligi hii ilionyeshwa nchi nzima kila Jumamosi alasiri. Kijana wa Ohio au California alikua akiiona Florida na Tennessee kila wiki sebuleni kwao.

Lakini hatua ya busara kuliko zote ni ya Roy Kramer, kamishna wa SEC kuanzia 1990. Aligundua kwamba kanuni za NCAA ziliiruhusu ligi yenye vyuo 12 kuandaa fainali yake. Akawaleta Arkansas na South Carolina, akaigawa ligi makundi mawili, na Desemba 1992 fainali ya kwanza ikachezwa Birmingham. Makocha wengi walilalamika. Ligi nyingine bingwa wake anamaliza msimu anakwenda kupumzika. Kwa nini wao wajiongezee mtihani unaoweza kuwanyima ubingwa wa taifa? Na karibu yawapate siku ile ile. Alabama, isiyopoteza mechi, ilikuwa 21–21 na Florida dakika za mwisho, hadi Antonio Langham alipoudaka mpira wa wapinzani na kukimbia nao yadi 27 hadi mwisho. Alabama ikashinda 28–21, kisha ikaichapa Miami na kuwa bingwa wa taifa.

Faida ya mtihani huo ilionekana baadaye, na mfano bora ni Desemba 2006. Kramer huyo huyo alikuwa ameasisi BCS, mfumo ulioanza 1998 wa kuzikutanisha timu mbili za juu kwa kura na kompyuta. Ohio State ilikuwa ya kwanza bila mjadala. Michigan ilikuwa imefungwa mechi moja tu, na Ohio State hiyo hiyo, 42–39, Novemba 18. Baada ya hapo msimu wa Michigan uliisha, wakakaa nyumbani. Desemba 2 Southern California ikafungwa 13–9 na UCLA, nafasi ya pili ikabaki wazi, na usiku huo huo Florida ilikuwa mbele ya nchi nzima ikiishinda Arkansas 38–28 kwenye fainali ya SEC. Wapiga kura walipokaa kuandika, picha iliyokuwa akilini mwao ilikuwa ya Florida. Wakaiweka ya pili. Miaka miwili kabla, Auburn ya SEC ilishinda mechi zake zote ikaachwa nje, na uchungu huo pia ulikuwa ungali mbichi.

Fainali ya taifa ilichezwa Januari 8, 2007, Glendale, Arizona. Ted Ginn wa Ohio State aliupokea mpira wa kwanza kabisa na kukimbia nao yadi 93 hadi mwisho, kisha akaumia mguu wenzake walipomrukia kusherehekea. Baada ya hapo Ohio State haikuonekana. Troy Smith, aliyekuwa ametoka kupewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, alikamilisha pasi 4 kati ya 14 kwa yadi 35 na akaangushwa na mpira mkononi mara tano. Timu nzima ilipata yadi 82 usiku mzima. Florida ilishinda 41–14. Ukitazama mkanda wa mechi ile, waangalie Derrick Harvey na Jarvis Moss wa pembeni mwa safu ya ulinzi ya Florida. Wana miili mikubwa ya watu wa safu ya mbele na miguu myepesi ya wakimbiaji wa nyuma, na walinzi wa Ohio State wanageuka kuwatafuta wakiwa wameshapitwa. Watu wakubwa wenye kasi ya namna ile ndio bidhaa adimu kuliko zote katika futiboli, na SEC ndiyo iliyokuwa imewajaza. Mwaka mmoja baadaye LSU ikaifunga Ohio State hiyo hiyo 38–24 na mjadala ukaisha.

Saban na mashine yake

Hapo ndipo Saban anapoingia, nami simpunguzii. Januari 2007 Alabama ilimpa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 32, kiasi kilichoshangaza nchi. Msimu wake wa kwanza alipoteza nyumbani kwa Louisiana–Monroe. Kisha akakusanya usajili wa 2008: Julio Jones wa Foley, Mark Barron wa Mobile, Marcell Dareus wa Birmingham, Courtney Upshaw wa Eufaula, wote vijana wa Alabama, wote weusi. Kizazi cha babu zao hakikuruhusiwa kuvaa jezi ile. Ndani ya kundi hilo alikuwemo pia Mark Ingram kutoka Flint, Michigan, aliyeipatia Alabama Heisman yake ya kwanza mwaka 2009. Bubba Smith alipanda kutoka Texas kwenda Michigan. Ingram alishuka kutoka Michigan kuja Alabama.

Wapinzani wa ligi ile ile walilazimika kumfuata kwa mishahara, kwa wasajili, kwa wapishi, kwa majumba ya mazoezi, la sivyo wafukuze makocha wao. Wasaidizi wake wakachukuliwa: Kirby Smart aliyekwenda Georgia mwishoni mwa 2015 amechukua mataji ya 2021 na 2022, la pili kwa kuichapa TCU ya Texas 65–7. Tangu 2007 SEC imekuwa ikiongoza kila mwaka kwa idadi ya wachezaji wanaochaguliwa na timu za NFL, na kila uchaguzi huo umekuwa tangazo kwa kijana wa miaka 17 anayejiuliza aende wapi.

Sifa nayo ikaanza kuzaa. Novemba 2011 LSU iliifunga Alabama 9–6 kwenye uwanja wa Alabama. Mfumo ukazirudisha hizo hizo mbili kwenye fainali ya taifa, Oklahoma State iliyokuwa bingwa wa ligi yake na imefungwa mechi moja tu ikaachwa kwa tofauti ndogo ya pointi za BCS. Alabama ikashinda 21–0. LSU ilivuka katikati ya uwanja mara moja tu. Alabama ilionekana kustahili, lakini Oklahoma State haikupewa nafasi ya kuuliza swali, na hilo naliona dhuluma mpaka leo. Hasira za mwaka ule ndizo zilizosukuma mfumo wa timu nne ulioanza 2014.

Malipo yalipohalalishwa

Katika miaka yote hiyo kocha alilipwa mamilioni na mchezaji akapewa ada, chumba na chakula. Wengi wa wachezaji walikuwa weusi, na wengi wa waliolipwa hawakuwa. Sioni namna ya kuchambua ubabe wa SEC bila kulisema hilo, kwa sababu thamani ile ilitoka katika miili ya vijana waliokatazwa kuiuza.

Juni 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, na Julai 1 wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Mwaka huo huo wakaruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu. Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, ukomo ukiwa dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Akiba ya wachezaji wa zamu ya tatu, ambayo Alabama na Georgia zilikaa nayo bure, sasa ina bei na ina mlango wa kutokea. Michigan ilichukua taji la 2023.

Taji la 2024 liliamuliwa Januari 20, 2025, Atlanta, mji unaoandaa fainali ya SEC kila mwaka. Hakukuwa na timu ya SEC uwanjani. Ohio State iliifunga Notre Dame 34–23. Mkimbiaji wake, Quinshon Judkins, aliyefunga mara tatu, anatoka Pike Road, Alabama, na alihama kutoka Chuo Kikuu cha Mississippi. Caleb Downs wa safu ya nyuma ni kijana wa Georgia aliyeondoka Alabama siku chache baada ya Saban kustaafu. Pasi iliyoizima Notre Dame ilidakwa na Jeremiah Smith, wa mwaka wa kwanza, kutoka Miami Gardens, Florida. Njia ile ya Kusini kwenda kaskazini imefunguka tena, na safari hii wanaoipita wana mikataba mkononi na SEC imewapigia simu wote kabla hawajaondoka.